Dada Niliyemlaani Lobule

Wapendwa, mimi Onzia nilisoma kidogo tu, lakini majina ya watu hayanipotei. Juzi sisi akina mama wa kanisa tulitoka Arua kwenda Lobule kuwapelekea maskini unga. Mimi ndiye niliyetangulia, kifua mbele, kama mtume.

Kwenye nyumba ya mwisho tulimkuta mgonjwa amelala mkekani, amejifunika shuka hadi kichwani.

"Huyu ni Mama Zubeda, mjane," jirani yake akasema. "Hana mtu."

"Hata ndugu?"

"Iko dada yake mkubwa. Alimufukuza juu aliolewa na Mwislamu."

Nikawaka. "Dada gani huyo? Na anaomba Mungu gani?" Wenzangu wakaitikia amina, basi nikapaza sauti nikiomba Mungu amwaibishe mbele za watu.

Mgonjwa akafunua uso. Alikuwa Ayikoru, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye jina lake nililikataza nyumbani kwangu. Nilidhani bado yuko Juba na mumewe.

"Basi, dada Onzia," akasema polepole. "Usimulaani tena. Si leo amekuja?"