Mama Émérence na Chupa ya Wadudu

Minye mwenyewe huwa naongeza chumvi kwenye maneno, Likasi nzima inajua. Nilishasema miwa ya zamani ya Buluo ilikuwa mirefu mpaka watu wa umeme wa bwawa la Koni wakaja kutuomba tuikate, maana ilikuwa inagusa waya zao. Lakini hii ya Émérence sikuiongezea kitu. Labda ile ya uso, na hata ile karibu yote ni kweli.

Émérence ni jirani yangu, mjane wa Mathieu aliyekuwa anavua samaki kwenye mto Lufira. Tangu kolera ilipomchukua dada yake Adrienne, mbabula yake, jiko lake la makaa, haizimiki: anachemsha maji ya kunywa, maji ya kuoga, maji ya kuoshea vikombe ambavyo vimeshaoshwa. Siku moja alileta maji ya baraka kutoka parokia, akayapeleka moja kwa moja kwenye makala. Nikamuuliza kama padri naye ana mikrobe. Akanijibu, "Padri hana. Ndoo yake njo siijui."

Shamba lake la miwa liko bondeni, na si lake. Ni la chef, mkuu wa kijiji, aliyempa Mathieu alime. Mathieu alipokufa, mbolea ya mfuko nayo ikapanda bei, ikawa ya wenye mashamba makubwa tu, na miwa ya Émérence ikaanza kutoka ya njano, myembamba kama vidole vya mgonjwa. Chef akamwambia mbele ya watu, "Mwaka huu ikitoka tena njano, bonde napatia Ricky."

Ricky ni mchoma matofali. Udongo ukishaingia kwenye forma zake za matofali, shamba halirudi tena. Linabaki shimo la vyura.

Basi katika shida ile akaja kijana mmoja, Rolly, na pikipiki, viatu safi mno kwa mtu anayesema anapenda kilimo. Akachota udongo, akautia kwenye sashe ya plastiki. Nikamshika hapo hapo.

"Weye, unatafuta miwa ao unatafuta kobalti?"

"Kambo," akaniita kwa heshima ya babu, "minye niko agronome, fundi wa kilimo."

"Na ule wa mtaa wa Kamatanda alisema yeye ni mupasta. Leo anachimba mpaka chini ya kitanda ya batu."

Akacheka. Sikucheka. Akatoa chupa isiyo na karatasi wala jina, ndani maji ya rangi ya uji.

"Mu chupa iko nini?" Émérence akauliza.

"Bakteria, mama. Ni kama tududu, tudogo sana. Banaingia mu muwa, banakaa ndani, banachukua mu hewa ile chakula yenye unakuta mu mufuko ya angre, ile mbolea, banapatia muwa. Tulibatoa mu muwa wenyewe. Unatia mu maji baridi, unalowesha mbegu kabla ya kupanda."

"Mikrobe?"

"Familia moja, mama, lakini hii ni mizuri."

Pale njo alikosea. Nchi nzima imetufundisha kwamba mdudu wa majini unamchemsha. Émérence akashukuru vizuri, akapokea chupa, na vumbi la pikipiki halijatulia, chupa yote ilikuwa sufuriani. Minye nilipepea makala.

Akalowesha mbegu zake, vile vipande vya muwa vyenye macho, kwenye maji yale yakiwa yamepoa kiasi, akapanda upande wa juu. Kesho yake asubuhi Rolly akarudi kuangalia, akakuta chupa tupu kando ya sufuria, na sufuria bado iko kwenye mbabula.

"Mama! Umebapika!"

"Nimebasafisha."

"Bamekufa bote!"

"Njo nilitaka."

Akakaa chini na suruali yake safi. Kwenye pikipiki ilibaki chupa moja, ya shamba la mtu mwingine. Émérence akaitazama, akatazama upande wa chini wa bonde, haujapandwa bado.

"Kama ni mizuri," akasema, "nawa nayo uso."

Rolly akamimina mkononi, akanawa uso, masikio, ndevu, mpaka nyusi zikadondosha. Tukampa kiti tungoje avimbe. Tukampa na bukari, ugali wetu, akala sahani mbili. Anayekufa hali vile. Émérence akalowesha mbegu zilizobaki kwenye maji baridi, mkono umefungwa plastiki, uso umegeuzwa pembeni.

Mvua zikapita. Chef akaja na Ricky, na Ricky alikuja na forma yake begani. Njia inaingilia juu, na juu kote ilikuwa njano. Ricky akatua forma ardhini, kama kazi imeshaanza.

"Mukuje mpaka chini," Émérence akasema.

Chini miwa ilikuwa kijani, imenenepa. Chef akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi wa kuibwa.

"Ulipata wapi angre?"

"Haina angre. Ni wadudu, beko mule ndani."

Chef alikuwa ameshavunja kipande anatafuna. Akatema. Akamwangalia Ricky, Ricky akaangalia miguu yake.

"Chef, nibakishie angalau ile ya njano," Ricky akasema. "Mwaka kesho ule kijana hataleta tena chupa."

"Chupa ya nini?" Émérence akachukua panga, akakata muwa wa kijani vipande, palepale. "Wadudu banalala mu hii mbegu. Napanda juu, banaenda nayo."

"Sasa unamuamini ule kijana?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini njano niliipika minye, na kijani sikuipika."

Chef akatafuna kile kipande tena, polepole, akimeza kwa woga. Halafu akamwambia Ricky abebe forma yake.

Bonde lote sasa ni kijani. Émérence anauza muwa mbichi kwa nusu ya Likasi, na anausifu. Ila ule wa wajukuu wake anaukata vipande vidogo, anauchemsha kwanza.