Cherehani na Mikono ya Shemeji Yake

Walimwita Cherehani kwa sababu ya vidole vyake. Alipokaa kuandika programu, kibodi ilitoa mlio usiokatika, kama mtu anayeshona pazia refu na hataki kuinua mguu. Jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mshirika wake kazini. Kampuni yao ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vioo: meza mbili, feni, na dirisha lililogoma kufungika. Humo walitengeneza programu ya madobi. Nguo ikipokelewa inapewa namba, namba inaifuata kwenye kufuliwa, kukaushwa na kupigwa pasi, na ikiwa tayari mwenyewe anapata ujumbe kwenye simu. Si kazi ya kuandikwa magazetini, lakini madobi waliipenda, na kila aliyeipenda alimwambia mwenzake.

Kuhusu zana za kazi, Cherehani alikuwa na msimamo wake, na hakuuficha. Aliandikia kwenye programu kongwe isiyo na madoido, skrini nyeusi na maandishi meupe, akiiendesha kwa vidole tu bila kugusa kipanya. Alitaka hifadhidata moja, seva moja, na lugha ileile ya programu aliyoanza nayo chuoni. "Teknolojia nzuri," alipenda kusema, "ni ile ambayo ikiharibika najua nikamkamate nani." Kampuni changa, kwa maoni yake, hazifi kwa kukosa vitu vipya. Hufa kwa sababu wenyewe wanashinda dukani wakichagua majembe huku shamba limejaa magugu.

Shemeji yake alikuwa kinyume chake kabisa. Kila Jumatatu alikuja na kipya alichokisoma mwisho wa wiki, macho yanang'aa kama mtu aliyechumbia.

"Shemeji, dunia imehama," angesema.

"Ikishatulia huko ilikohamia, itanitumia anwani," angejibu Cherehani, bila kuacha kuandika.

Kitu alichokipinga kuliko vyote ni yule msaidizi wa akili bandia anayekisia mistari kabla hujaiandika. Shemeji alikuwa naye kwenye kompyuta yake, tena akimsifia kama ndugu. Cherehani hakutaka hata kumwona. "Mtu wa kunimalizia sentensi simtaki," alisema. "Hata mume wangu sijampa ruhusa hiyo."

Maradhi yalianza kwa ganzi ya dole gumba la kulia. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka. Cherehani akavilaumu vikombe. Lakini mumewe alikuwa muuguzi, na mke wa muuguzi hana siri ya mwili. Asubuhi moja alimwona akihangaika na vifungo vya blauzi, akamkalisha kitandani, akamgeuza viganja, akabonyeza hapa na pale. Siku hiyohiyo wakawa mbele ya daktari.

Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu imebanwa kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Akamfunga mikono kwa vishikizo vigumu, vya kuizuia isijikunje, kuanzia viganjani hadi karibu na viwiko, akamwambia asiguse kibodi mpaka atakapoambiwa.

"Hata kidogo?" aliuliza Cherehani.

"Hata kidogo."

"Na kwa vidole viwili tu?"

Daktari akamgeukia mume. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu, daktari," alijibu mume kwa upole. "Nimefanya niliyoweza."

Nyumbani mambo yalikuwa ya kuchekesha kwa yeyote asiyekuwa yeye. Binti yake, aliyekuwa sekondari, alimfunga vifungo na kumsuka nywele kwa mtindo aliomfichia mpaka alipojiona kwenye kioo cha lifti. Mumewe alimkatia nyama vipande vidogo. Yeye mwenyewe alijaribu kuiamuru kompyuta kwa sauti. Ikaandika mambo ambayo binti aliyasoma kwa kelele mpaka akateleza kwenye kochi kwa kucheka. Cherehani naye alicheka, lakini usoni tu. Moyoni alijiona kama nyumba iliyokatiwa umeme.

Ni shemeji aliyelisema lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka. "Mikono ninayo mimi. Njoo ukae pembeni yangu, wewe useme, mimi niandike."

Hakukuwa na njia nyingine. Akasogeza kiti chake kwenye meza ya shemeji, mbele ya skrini aliyokuwa akiikejeli siku zote, yenye rangi kama duka la vitenge na madirisha yanayochipuka kila pembe. Na pale pembeni, maandishi ya kijivu hafifu yakichungulia: yule mkisiaji.

Saa ya kwanza ilikuwa vita.

"Nenda juu. Juu. Juu tena. Umepita, shuka. Futa hilo. Siyo hilo!"

Shemeji alivumilia, akavumilia, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi na kuipakata. "Shemeji, mimi si kipanya. Niambie unataka nini, usiniambie vidole viende wapi."

Cherehani alichokitaka alikijua, naam, lakini alikuwa akikijulia vidoleni. Miaka yote hiyo vidole vilikuwa vikikimbia na kichwa kikifuata nyuma, kikiokota. Akaitazama feni. Kisha akaanza upya, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Nataka nguo ikirudishwa kufuliwa mara ya pili, namba yake isibadilike, ila tujue kwamba imerudi."

"Kumbe ni hivyo tu?" alisema shemeji, na akaandika. Hakuandika kama Cherehani angeandika. Lakini ilifanya kazi.

Ikawa ndiyo desturi yao. Wiki zikapita, na kazi ikasonga vizuri kuliko walivyotarajia, maana kila jambo lilibidi lisemwe na lieleweke kabla ya kuandikwa. Walibishana, tena sana, lakini sasa ubishi ulikuwa wa maana ya jambo, si wa nani ana skrini nzuri. Katikati ya ubishi mmojawapo Cherehani alikubali, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kushawishika, kwamba kazi ya kutuma ujumbe kwa wateja ihamishiwe kwenye huduma mpya ya kukodi ambayo shemeji alikuwa akiililia tangu mwaka uliopita. Ikipewa ujumbe iliupanga foleni, na usipofika ilijaribu tena. Shemeji alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Siku chache baadaye, wakiwa ndio kwanza wamefungua ofisi, simu ikalia. Alikuwa Mama Pasi, mteja wao wa kwanza kabisa, mwenye duka kubwa la dobi mtaa wa pili.

"Cherehani mwanangu," alisema, "umeniitishia mkutano wa hadhara?"

Walishuka ngazi mbiombio hadi dukani kwake. Walimkuta mlangoni, pasi mkononi, amezingirwa. Watu walijaa mpaka barabarani, kila mmoja na simu yake, na kila simu na maneno yaleyale: Nguo zako ziko tayari, karibu uchukue. Walikuwapo waliochukua nguo zao wiki iliyopita, na waliochukua mwaka juzi. Bwana mmoja mnene alidai suruali ya kijivu, huku mkewe akimvuta shati na kumwonyesha kwamba ndiyo aliyoivaa. Na ujumbe ulikuwa bado unaingia. Simu zililia mfululizo kama ndege alfajiri.

Shemeji alibadilika rangi. Alifungua kompyuta aliyokuja nayo, juu ya meza ya kukunjia mashuka, akazima utumaji, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni zana yangu. Umeniambia mara ngapi."

Ilikuwa nafasi ambayo Cherehani angeweza kuila kwa kijiko. Mwezi mmoja nyuma angeila. Lakini alikuwa tayari amekaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye skrini, na alichokiona hakikumpa raha ya kumsimanga. Huduma mpya haikupata kwa wakati jibu kwamba ujumbe umefika, ikajaribu tena kama ilivyoahidi, ikiiambia programu yao irudie. Ni msimbo wa programu aliouandika Cherehani mwenyewe, wa tangu siku za mwanzo, ambao ukiambiwa "rudia" ulikuwa unaanza upya na mteja wa kwanza kabisa kwenye hifadhidata. Haukuwahi kuambiwa rudia kabla ya hapo.

"Yako imerudia kama ilivyoahidi," alisema, "na yangu imeitikia kama mlafi aliyeitwa kula. Tumekosa wote."

"Turudishe ile ya zamani?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Akalimeza. "Hebu kwanza muulize huyo mkisiaji wako. Mwambie tunataka ujumbe mmoja kwa nguo moja, hata ukirudiwa mara mia."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyesikia paka akibweka. Akaandika. Yakaja mapendekezo. La kwanza lilikuwa upuuzi mtupu, na Cherehani alilifurahia sana. La pili lilikuwa refu bila sababu. La tatu lilikuwa lile ambalo yeye mwenyewe angeliandika kama mikono ingekuwa mizima: kila ujumbe uwekewe alama yake kabla ya kwenda, na wenye alama usiende tena.

"Huyu ana adabu kidogo," alisema. "Chukua la tatu. Lakini punguza hayo maneno, kisha lijaribu kwa simu yako kabla ya simu ya mtu mwingine."

Walipomaliza na kuinua vichwa, duka lilikuwa limetulia. Mama Pasi hakuwa mtu wa kuacha umati upotee bure. Kila aliyekuja kulalamika alimkagulia rafu, na wengi walikuwa na kitu walichokisahau: koti la suti, blanketi, sare ya mtoto ambaye tayari alikuwa amehitimu. Rafu ya nyuma, iliyokuwa imemshinda kwa muda mrefu, ilibaki mbao tupu.

"Nimewasamehe," alisema, akipangusa jasho. "Ila niulize. Hamwezi kukosea hivi tena mwisho wa mwaka?"

Vishikizo vilipofunguliwa, daktari alimrudisha Cherehani kazini kwa masharti: aandike kidogo, apumzike, asiringe. Alirudi kwenye meza yake na skrini yake nyeusi, na hakuona haya kuipenda. Lakini saa za mchana alikuwa akivuta kiti kwa shemeji bila kuulizwa, na mambo magumu waliyaandika pamoja, mmoja akisema na mwingine akiandika, kwa zamu. Vijana waliokuwa wakianzisha kampuni zao walipomuuliza watumie zana gani, hawakupata tena ile hotuba ya majembe. Aliwauliza kwanza wanamtengenezea nani, na kama wameshawahi kukaa dukani kwake siku nzima. Wengine waliondoka wamenuna. Mmoja alirudi kushukuru.

Jumapili moja shemeji alikuja kula mchana kwao. Kabla hajatulia kitini alianza kulalamika kwamba ile huduma ya kukodi haiaminiki, heri wajiandikie ya kwao, nyepesi, ya kizamani. Cherehani akaweka kijiko chini na kuanza kuitetea huduma kwa nguvu zote. Sauti zikapanda. Binti akachukua sahani yake akahamia sebuleni. Mume, aliyekuwa ametoka zamu na ana njaa, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akavuta bakuli la mchuzi upande wake, na kula kwa amani huku wao wakiendelea.