Mzee alinikaribisha ndani, akafunga mlango kwa ufunguo

Wakuu, heshima kwenu.

Kwanza nisameheni kwa herufi zangu. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Lakini hili limenikaa kifuani, na nitakayosema ni kweli tupu. Atakayeona ni chai, hadithi ya kutunga, nitamwelewa.

Nakaa London, Walthamstow, na shangazi yangu ambaye ni carer, anahudumia wazee majumbani. Mwaka jana mwenye nyumba alitaka kututoa kwa sababu shangazi alilalamikia ukungu ukutani. Aliyepambana tukabaki ni diwani wetu, Mama Marisol.

Mama huyu katokea Colombia. Alipofika hapa hakujua Kiingereza, akawa anasafisha maofisi alfajiri huku mtoto kamwachia jirani. Wenzake wakiugua walikatwa mshahara. Akawakusanya nje ya jengo, wakapiga masufuria mpaka mabosi wakashuka. Ndipo watu wakamjua.

Ni mtu wa kwanza kutoka Amerika Kusini kuchaguliwa kwenye kata yetu. Mimi namwita Mheshimiwa. Yeye hucheka, ananiita mijo, kwao ni kama kusema mwanangu.

Si wote wanaompenda. Kuna aliyemvunjia kioo cha dirisha. Kuna anayempigia simu na kukaa kimya, anapumua tu.

Uchaguzi ulipokaribia, shangazi akasema niende kumsaidia kugonga milango ya watu kuomba kura. Wakuu, mimi nina aibu sana, nikiongea na mgeni natetemeka. Lakini ungemkatalia vipi mtu aliyekuachia paa juu ya kichwa?

Sharti la Mama Marisol lilikuwa moja: usivuke kizingiti cha mtu, hata akikubembeleza. Nikasema yes.

Ila mnatujua sisi. Mzee akikwambia pita ndani, nawe ukaganda mlangoni, umemdharau.

Basi jioni moja, bado kweupe, tukaingia kwenye jengo la ghorofa la council, yaani la halmashauri. Mama Marisol akabaki chini akiongea na mama mmoja, mimi nikapanda. Mlango wa kwanza akafungua mzee mwenye sweta la kijani, sauti ya upole. Akasema njoo ndani, nje baridi.

Nikasema asante, nikavua viatu, nikaingia.

Nikasikia ufunguo. Akautia mfukoni mwa sweta.

Mezani kulikuwa na vipeperushi vya Mama Marisol, vya sasa na vya zamani. Picha zake zote zilikuwa zimetobolewa macho.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Akaniambia, kwa upole uleule, nimpigie simu Mama Marisol aje akae pale. Sikuona silaha, lakini mkono mmoja hakuutoa mfukoni. Nikawaza, nikipiga, mama wa watu ataingia. Nikasema sina salio. Ndiyo uongo pekee ulionijia. Akasema basi tungoje, atakuja kukutafuta mwenyewe.

Na kweli akaja. Aliviona viatu vyangu nje ya mlango. Akainama kwenye tundu la mlango la kupitishia barua.

"Mijo, uko salama?"

Mzee akaniwahi kabla sijajibu. Akasema niko naye, na kwamba Mama aingie wazungumze kuhusu nyumba hii ambayo council wanataka kuibomoa.

Mama akamwambia kwamba madiwani walipopiga kura, yeye aliupinga ubomoaji, wenzake wakamshinda. Mzee akasema ni mwongo, aingie aseme hayo akimtazama usoni.

Kisha nikamsikia Mama:

"Baba yangu alikuwa mkata miwa. Watu walimwita mlangoni kwa heshima, kama unavyoniita wewe. Akatoka, hakurudi. Mimi siingii. Na bila huyo mtoto siondoki."

Nikasikia anakaa sakafuni, mgongo ukigusa mlango. Akaanza kumuuliza mzee ameishi pale tangu lini, mkewe alikuwa nani. Mzee akawa anajibu, mkato mkato. Mimi nimesimama na soksi.

Mwisho, alipomaliza kusimulia habari za mkewe, akatoa ufunguo. Alifungua, akarudi kwenye kiti, akatazama ukuta.

Nje, Mama Marisol alinishika bega mpaka likauma. Alitaka kuita polisi, vidole vikashindwa kubonyeza simu, nikambonyezea mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote ule alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Polisi walikuja, wakaongea na mzee. Shangazi alilia, akanikataza kwenda tena.

Nilichojifunza: adabu ya nyumbani ni nzuri, ila kwa usiyemjua huku, itikia ukiwa nje. Hatamwambia mtu kwamba umemdharau, na akisema, mwache aseme.

Sasa Jumamosi Mama Marisol anarudi jengo lilelile, maana ghorofa za juu hatukuzifikia. Nikamuuliza, Mheshimiwa, huogopi? Akasema anaogopa sana, lakini wale wa juu nao wanabomolewa nyumba, na hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Ameniuliza kama nitakuja. Sijamjibu.

Wakuu, ingekuwa wewe ungekwenda? Niandikieni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote kabla ya Jumamosi.