Temu ya Kanada

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja mjini Moshi, nikisubiri usaili, magoti nimeyabana na bahasha nimeipakata. Mlango ukafunguliwa, mama mmoja wa Kizungu akachungulia karatasi yake, akaita, “Timu? Timu ni nani?”

Tulikuwa wawili tu pale, na mwenzangu alikuwa Mushi. Kwa hiyo Timu nilikuwa mimi. Jina langu la ukoo ni Temu, limeandikwa hivyo kwenye cheti cha ubatizo na kwenye shahada ambayo mpaka leo sijaizoea, lakini sikumsahihisha. Nilisimama nikacheka. Kazi sikuipata, na tangu siku hiyo najiuliza kama ni kwa sababu ya kile kicheko. Mimi ni mtu wa kuwaza jambo moja mpaka linachacha. Yule mama hakuniuliza nilikuwa nacheka nini, na angeniuliza maelezo yangekuwa marefu kuliko usaili wenyewe. Ninyi nitawaeleza.

Ile sauti ilinirudishia harufu mbili kwa pamoja: maziwa yenye povu, yaliyokamuliwa sasa hivi, na ngozi ya mpira iliyonyeshewa. Nilikuwa na miaka saba, naishi na Bibi, mama yake Baba, Kirua Vunjo. Mama alikuwa ameshuka Chekereni kwenye mpunga pamoja na mdogo wangu. Baba alikuwa Mererani, akichimba mawe ya bluu ambayo sisi hatukuwahi kuyaona. Krismasi iliyotangulia hakuja. Kwetu, mtu akikosa kuja Krismasi, majirani hawaulizi kwa mdomo. Wakipita wanatazama tu mlango wa nyumba yake kama umefunguliwa. Sasa Krismasi nyingine ilikuwa inakaribia, na Bibi alikuwa anamnenepesha mbuzi mmoja bila kusema ni wa nani.

Mwalimu Dani alikuwa Mkanada, kijana mrefu aliyekuja kufundisha hesabu kwenye sekondari ya parokia. Kila alasiri alikuja na chupa yake kuchukua maziwa, na kwa kuwa ng'ombe wa Bibi hakutaka kukamuliwa na mtu mwenye haraka, ilimbidi Mwalimu asubiri. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, magoti yake yakikaribia masikio, na akatuzungumzisha.

Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwenye kitabu, na kilikuwa na mambo mawili. Kwanza, i yake haikuwa i kamili. Ilichoka njiani ikatufikia kama e. Alimwamkia Bibi “shekamoo”, kisha akanigeukia na mimi akaniamkia “shekamoo”, nami nikaitikia marahaba kwa heshima zote mpaka Bibi akanifinya. Pili, kwake kila kitu duniani kilikuwa cha ngeli moja. Chupa imejaa, mvua imenyesha, padri imefika, Bibi imechoka. Hatukumcheka sana, maana Kiswahili chetu nacho kilikuwa cha wageni. Nyumbani tulisema Kichagga, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nakipokea Kiswahili darasa la kwanza, maneno machache kila siku.

Neno “timu” lilikuwa halijanifikia. Kaka za watu walipocheza mpira kule uwanja wa shule walisema upande wetu na upande wao. Kwa hiyo Mwalimu Dani alipoanza kutusimulia habari za timu yake ya huko kwao, mimi nilisikia kile ambacho ulimi wake ulikitoa. Nilisikia Temu.

“Temu yangu imezaliwa zamani sana,” alisema siku ya kwanza, “kabla ya babu yangu.”

Bibi aliacha kukamua, chuchu ya ng'ombe ingali mkononi. “Kuna akina Temu Kanada?”

“Ndiyo, Bibi! Temu kubwa!”

“Mae!” Bibi aliniangalia. “Watu wetu wametembea.”

Tangu siku hiyo tuliifuatilia historia ile kama watu wanaosikia habari za shangazi aliyeolewa mbali. Temu ya Kanada ilizaliwa kando ya mto, kwenye mji wenye baridi. Walivaa nyekundu. Waliingia uwanjani kumi na wawili kwa mara moja, hata wakati wa theluji, ile ile iliyoko juu ya mlima wetu, ila kwao ilishuka mpaka mlangoni. Mpira wao Mwalimu alitembea nao kwapani. Haukuwa wa duara. Ulichongoka huku na huku kama papai changa, na Bibi alipouona mara ya kwanza aliuliza umelaliwa na nini. Watu waliukumbatia mpira huo wakakimbia nao. Walipewa nafasi tatu za kusogea mbele, wakishindwa wanawaachia wenzao.

“Wana adabu,” Bibi akasema. “Lakini ukoo mzima unacheza mpira? Shamba analima nani?”

Mwalimu alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila swali la Bibi. “Siku ingine wanafanya kazi,” akasema. “Zamani, Temu inacheza Jumamosi, na Jumatatu inarudi kazini.”

Kuna miaka walichukua kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa cha fedha, kikubwa kama ndoo, na usiku wa ushindi walinywa humo wote, kinapita kutoka mkono hadi mkono. Bibi alifurahi sana aliposikia hivyo, kwa sababu ndivyo mbege, pombe yetu ya ndizi, inavyonywewa, na akasema sasa ameamini kabisa kuwa hao ni watu wetu.

Halafu historia ikageuka. Miaka ya karibuni Temu ilishindwa karibu kila mara, viti vya uwanjani vikabaki na theluji tu. Tajiri mmoja aliinunua, akamuuzia mwingine.

“Wameuzwa?” Bibi alijichora ishara ya msalaba, na maziwa yakamtiririkia kwenye kiwiko. Miaka ile kila wiki tulisikia kiwanda kingine mjini kimepata mwenyewe, na wafanyakazi wamerudi kwenye migomba yao na mabegi. “Kumbe na kwenu wanabinafsisha!”

“Ndiyo, Bibi,” alisema Mwalimu kwa huzuni. “Temu imeuzwa mara mbili.”

Jumamosi moja Mwalimu alishuka mjini kumpigia simu dada yake. Alasiri nilikuwa kwenye mfongo, ule mfereji unaoshusha maji mashambani, naosha majani ya ng'ombe yaliyojaa tope. Nilimwona anapanda taratibu. Hakusema shekamoo. Macho yake yalikuwa mekundu na mpira ulikuwa haupo kwapani. Aliniwekea mkono kichwani akasema, “Manka, Temu imekufa.” Akapita.

Sasa nifuateni, maana hapa ndipo akili yangu ilipoanza ile kazi ambayo haijaiacha mpaka leo. Temu wa Kanada walikuwa wengi. Ukoo mzima haufi siku moja. Aliyekufa lazima awe mtu mmoja. Imekufa, amesema, lakini huyu hata padri anasema imefika. Ametoka mjini, na mjini ndiko magari ya Mererani yanakoshushia watu. Na Temu mmoja, ambaye kijiji kizima kilimwita hivyo tu, Temu, bila jina lingine, alikuwa Baba.

Nilirudi nyumbani na majani kichwani, maji yakinichuruzikia mgongoni. Nikamlisha ng'ombe. Nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Niliona kwamba nikisema litakuwa kweli, na kwamba kadiri ninavyonyamaza Baba anaendelea kuwa hai kidogo, na mzigo wa kumweka hai ulikuwa wangu peke yangu. Bibi alinitazama nikimfunga mbuzi kwenye mti uleule mara ya pili.

“Manka. Una nini?”

“Mwalimu Dani amesema Temu amekufa.”

Nililitengeneza lile neno. Nililitoa kwenye ngeli yake nikaliweka kwenye ngeli ya watu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni.

Bibi hakupiga kelele. Aliweka kisu chini kando ya ndizi alizokuwa anamenya, akajifuta mikono polepole, kila kidole, kwa upande wa ndani wa kitenge chake. Halafu akatoka kama alivyo, bila viatu. Nilimfuata. Njiani watu walimwamkia, “Shimbonyi, mae,” na hakuitikia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jirani yetu, Mama Uforo, alikuwa anaanika kahawa. Alipoona Bibi amempita bila neno aliacha kahawa yake juani akaja nyuma yetu, na wengine wawili nao wakaja nyuma yake. Hakuna aliyeuliza. Ilisikika miguu tu.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, mpira umelala kati ya nyayo zake. Bibi alisimama mbele yake.

“Mwanangu amekufia wapi?”

“Mwana?” Mwalimu alisimama. “Hapana, Bibi. Mwana hapana. Temu. Temu imekufa.”

“Nimesikia. Ni shimo limemwangukia? Niambie tu.”

“Temu yangu, Bibi!” Aliokota mpira akamwonyesha, akauonyesha kwa Mama Uforo, akauonyesha hata kwangu. “Ya mpira! Imefungwa. Pesa hakuna. Imekwisha. Temu ya mpira!”

Mama Uforo, ambaye alikuwa na kaka mshabiki wa kutupa redio ukutani, alifungua mdomo. “Timu!” akasema. “Jamani, mtu huyu anasema timu! Timu yake ya mpira imevunjwa! Mzungu, ulikuwa unatuua leo!”

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya baraza. “Tumekimbia hivi kwa ajili ya mpira, tena wenyewe umepinda!” Bibi aliketi chini kwenye majani, ghafla, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka hadi kwenye kidevu, na alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vyangu vikafa ganzi. Mwalimu alikuwa ameelewa sasa kile alichokifanya, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko jezi yoyote. “Samahani, Bibi,” alirudia. “Samahani sana.”

Mama Uforo alimshika Bibi kwapa amwinue, warudi. Kahawa ilikuwa inaungua juani. Bibi hakuinuka.

“Dani,” akamwita. Hakusema Mwalimu. “Huko uwanjani, kuwatazama hao, ulikuwa unakwenda na nani?”

“Na baba.”

“Wawili tu?”

“Wawili tu. Kila mara. Alileta blanketi.”

“Baba yuko wapi?”

Mwalimu aliuzungusha mpira mikononi. “Imekufa,” akasema. “Mwaka jana. Mimi ilikuwa hapa. Sikwenda kuzika.”

Safari hii hakuna aliyecheka ngeli.

Bibi alivua kile kilemba chake cha kila siku, akakifunga upya vizuri, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda. “Mama Uforo, ndizi utaleta wewe. Manka, maziwa yako jikoni, lete yote, usimwage.” Walikaa pale mpaka jua likazama. Mtori wa ndizi ulipikwa kwenye jiko la Mwalimu, kwenye sufuria aliyozoea kuchemshia soksi, jambo ambalo hakulisema mpaka walipomaliza kula. Rozari ikasaliwa. Fungu la kwanza lilikuwa la baba yake Dani. La pili Bibi alilitoa kwa sauti, bila kutabasamu, kwa ajili ya Temu ya Kanada, na wote wakaitikia.

Baba alikuja siku chache kabla ya Krismasi. Alikuwa mwembamba, vumbi la Mererani bado liko kwenye nyusi, na hakuwa na jiwe hata moja. Bibi siku zote alikuwa akimwita Aloisi. Siku hiyo alisimama mlangoni akamwita kwa jina ambalo majirani walimwita. “Temu!”

“Naam, mama.”

“Basi,” akasema Bibi, akaenda kumtazama mbuzi.

Tangu hapo ikawa tabia yake. Baba akiwa bandani, au kwenye kahawa, au amelala, Bibi ataita tu, “Temu!” Baba ataitika, na Bibi atasema basi. Baba alidhani ni uzee, anaita halafu anasahau alichotaka. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi.

Ilinichukua muda mrefu pia kuelewa kwa nini hakurudi nyumbani na wenzake siku ile. Nilikuwa nikiamini ni huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini kutoka kwetu mpaka nyumba ya Mwalimu Bibi alikuwa mama aliyefiwa, na njia nzima hakukuwa na wa kumwambia vingine. Alipofika akaambiwa hapana, wako yu hai. Msiba wenyewe alikuwa ameshaubeba, nao ulikuwa na uzito wake. Angerudi nao wapi? Alimkuta kijana ambaye baba yake hakuliliwa, akautua pale.

Baada ya ule usaili wa mwezi uliopita niliingia kwenye intaneti kafe kuchapa wasifu wangu kwa mara nyingine. Dakika zilibaki, na badala ya kutafuta kazi nilitafuta timu. Niliipata. Ilikufa kweli, kama alivyosema. Ila watu wa mji ule hawakukubali. Miaka ilipita, wakakusanyika, wakaanzisha nyingine kwenye uwanja ule ule wa zamani, rangi ile ile, jina jipya. Nilisoma mpaka yule kijana wa pale akaniambia muda umekwisha.

Jumamosi nikapanda Kirua. Bibi alikuwa anamenya ndizi, siku hizi kwa kugusa zaidi kuliko kuona.

“Bibi, unaikumbuka Temu ya Kanada?”

“Ile tuliyoisalia rozari?”

“Imefufuka.”

Kisu kikasimama. “Dani anajua?”

“Nadhani anajua.”

“Unadhani.” Aliigeuzageuza ndizi iliyomenywa nusu. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye migomba, kule ambako panga la Baba lilikuwa linasikika likikata majani ya ng'ombe.

“Temu!”

Panga likanyamaza. “Naam, mama!”

“Basi,” akasema, akaendelea kumenya.