Bwawa la Bimola lilivuja, lawama zikamwangukia Sabitri

Maji yanamfika Sabitri Mridha kifuani. Mkononi ana bakuli la pumba za mpunga. Anazimwaga kidogo kidogo juu ya maji, kisha anatulia.

"Nyamazeni. Na huyo bata mwondoeni!" anaagiza. Watu walio ukingoni wanamswaga bata.

Pumba zinasita, halafu zinaanza kujongea kuelekea pembe ya kusini.

Huu ni mwezi wa Choitro, katikati ya kiangazi, kusini mwa Satkhira nchini Bangladesh, na mvua bado miezi miwili. Bwawa liko nyuma ya nyumba ya mjane Bimola Gain, lakini kaya kumi na moja hunywa humo. Mengine yote ya jirani yameharibiwa na chumvi tangu mashamba ya mpunga yageuzwe mabwawa ya kufugia kamba. Likiharibika na hili, maji matamu yako mwendo wa saa mbili.

Sabitri, mwenye miaka 52, alilelewa katika kazi ya kukandika sakafu za udongo. Kwa miaka kumi na tisa sasa anaziba mabwawa. Hukanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu mpaka ulainike kama unga wa chapati uliokandwa, kisha huushindilia ndani ya tuta, tabaka juu ya tabaka.

Mwezi uliopita aliliziba bwawa hili mara mbili, na mara mbili kina kikashuka. Maneno yakaanza. Haradhon, mpwa wa Bimola, alisema hadharani kwenye kibanda cha chai: "Mtampaje bwawa mkandika sakafu?"

Kilichomuuma zaidi Sabitri ni kwamba aliyaamini maneno hayo. Mara ya kwanza alikuwa amechanganya majani makavu ya mpunga kwenye udongo, kwa mazoea ya sakafu. Ndani ya tuta majani huoza na kuacha tundu.

"Nilijilaumu mpaka wali ukanishinda kumeza," anasema.

Leo anapiga mbizi pale pumba zilipokusanyika. Anaibuka na hasira.

"Si kaa, si panya! Ni bomba!"

Ni bomba la plastiki, limepitishwa chini ya tuta hadi kwenye bwawa la kamba la tajiri wa jirani. Kiangazi hiki maji yake yamezidi chumvi, kamba wanakufa, naye akaona ajichotee ya mjane bila hata kupiga hodi. Huu ni wizi, na mwandishi huyu hana neno la adabu zaidi la kuuita. Kibaya zaidi, keshokutwa ni bamvua, maji makuu ya bahari. Mto ukijaa, bwawa la kamba nalo litajaa, na maji yatarudi kwa njia ile ile yakiwa chumvi tupu.

Msimamizi wa tajiri anafika na mwavuli wake.

"Shangazi, mbona makelele? Hilo bomba la zamani, lilisahaulika tu."

"Lilisahaulika na wavu mpya mdomoni?"

"Ah, maji ni ya Mungu, shangazi."

"Basi tajiri wako akamwombe Mungu! Kwa Bimola anafuata nini?"

Watu wanaangua kicheko. Msimamizi anafunga mwavuli, anaufungua tena, anaondoka.

Hakuna anayesubiri kuambiwa. Wanachimba tuta, wanaling'oa bomba, wanaanza kukanyaga udongo wa mfinyanzi. Bimola mwenyewe, na miaka yake sabini, amekunja sari na kuingia shimoni. Haradhon anapoleta fungu la majani makavu, Sabitri anamkazia macho.

"Hayo rudisha kwa ng'ombe. Huku watu wanakunywa."

"Sawa, dada," anajibu, akitazama chini.

Adhuhuri tuta limefungwa. Sabitri anamwaga pumba tena. Zinaelea palepale zilipoangukia.

Anapanga kuwafundisha wanawake wa kaya zote kumi na moja kupima kwa pumba kila Ijumaa. Ila kwanza kuna baraza la kata, Jumapili.

"Bomba nitaliweka mezani mbele ya mwenyekiti, na wavu wake," anasema, akijisugua matope magotini. "Atalibeba Haradhon, tupite nalo kwenye kibanda cha chai. Mimi nitatangulia."