Simu za Maryvonne kwa Kompyuta ya Paris

Maryvonne Quéméneur alikuwa mkali, na sisemi hivi kumsengenya. Tulikaa meza moja miaka ile ya themanini, katika hospitali moja ya Brest. Kazi yake ilikuwa kuipigia simu kompyuta ya Paris iliyogawa figo. Unapiga kwanza mlango wa mtandao, unasikia mluzi, unaandika namba ya kompyuta unayoitaka, na maneno yako yanakatwa vifurushi vifurushi, yanasafirishwa pamoja na ya watu wengine mpaka yafike. Sisi makarani wengine tuliiogopa mashine ile. Yeye aliipenda, tena alijidai nayo.

Kilichomuudhi ni watu wa kukata simu ovyo.

"Unamuaga kwanza mwenye nyumba, yaani kompyuta," alikuwa akitufokea. "Halafu unauaga mtandao. Ndipo unaweka simu chini. Ukiweka simu tu, kule ndani bado upo, umekalia kiti."

Na hospitali yetu ilikuwa na kiti kimoja tu kwenye kompyuta ile; kikikaliwa, mwingine wetu haingii. Daktari Le Hir mwenyewe aliwahi kusahau kuaga, akasemwa mbele ya wagonjwa mpaka masikio yakamwiva.

Sasa huyu Maryvonne alikuwa na mdogo wake, Goulven, fundi wa bandarini, figo zote mbili zimekufa. Alikuja kwetu kusafishwa damu, amekauka, uso umepauka kama nta. Ila mdomo haukuugua.

"Dada, hiyo kompyuta yako inanijua au nikajitambulishe?"

"Nyamaza wewe. Inakujua kuliko mkeo."

"Basi iambie sichagui. Hata ya mtu wa Paris nitaipokea."

Dada mtu akawa anapiga Paris kila apatapo nafasi, kuangalia tu Goulven yuko wa ngapi kwenye foleni. Hakuna aliyemtuma. Mapenzi, nini kingine?

Jumamosi moja mchana alikuwa ameingia hivyohivyo, anasoma kwenye kiwambo cha mashine, mara simu nyingine ikalia mezani. Paris hao: figo imepatikana, inamfaa Goulven. Daktari amwangalie kama hana homa, kisha tuthibitishe kwenye kompyuta ndani ya saa moja. La sivyo inakwenda kwa anayefuata. Maryvonne akaweka chini simu zote mbili, akatoka mbio kwenda wodini, alikolazwa Goulven siku ile.

Alirudi anahema, neno la Le Hir analo: hana homa, figo ije. Akapiga. Kiwambo kikajibu nafasi imejaa. Akapiga tena, nafasi imejaa.

"Tuwapigie simu ya kawaida, tuongee nao," nikamwambia.

"Usinifundishe kazi. Mtandao una msongamano, utaachia tu."

Akapiga, akapiga. Kwenye saa ya ukutani, ile saa moja tuliyopewa ilikuwa inakwisha. Alipokubali hatimaye kuongea na mtu wa Paris, nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Kiti chenu kina mtu, bibi."

"Nani huyo? Mtoeni!"

"Ni nyinyi wenyewe. Mliingia mchana, hamjatoka." Nikasikia anabonyeza vitufe. "Nimeshawatoa. Lakini figo imeshapewa mgonjwa wa Lyon. Pole, bibi."

Maryvonne hakulia. Le Hir alipouliza kulikoni, alisema, "Ni mimi." Daktari yule, kwa huruma yake ya kijinga, akaenda kumwambia mgonjwa kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Nilitamani nimzabe kofi. Maana tangu siku hiyo Goulven aliutukana mtandao kila alipolazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila alipomaliza kuutukana alimshika dada yake mkono.

"Wewe ulihangaika, dada. Wewe huna deni na mimi."

Naye alisimama pale akiyapokea, hana pa kuyatua. Mara ngapi nilimwona anafungua mdomo aseme, halafu anamwekea mto vizuri.

Figo nyingine haikutokea. Goulven alikufa kabla ya Pasaka. Makaburini mvua ilikuwa inanyesha, na mkewe akamkumbatia Maryvonne mbele yetu sote, akamwambia, "Angalau Goulven alikuwa na mtu wake kule ndani, wa kumpigania."

Maryvonne akamwambia asante.