Laini ya Pascalia Mara Saba

Pascalia, jirani yangu hapa Chaani, ana kibanda cha maharagwe ya kuchemsha na laini ya simu ambayo hajawahi kuibadilisha. Namba yake inaishia na 142857. Binti yake Valarie, alipokuwa shule, ndiye aliyeona maajabu yake. Izidishe kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zile zile, zinazunguka tu kama watu wa ngoma, mpaka ufike sita. Mimi nikiangalia kichwa chaniuma.

Valarie yuko Uarabuni, kazi za nyumbani. Tajiri wake alimnyang'anya simu. Mara ya mwisho alipiga kwa simu ya kuazima, akasema namba aliyo nayo kichwani ni ya mamake peke yake. Tangu hapo kimya. Basi Pascalia akimkumbuka huchukua kalkuleta ya kibandani akazidisha, mbele ya mteja yeyote.

Alhamisi hiyo mteja alikuwa Wafula, mzee wa kanisa lao, amesimama ng'ambo ya meza, mimi na Pascalia tukiwa upande huu.

"Na mara saba, Mama Valarie?"

Hakuwa amewahi kujaribu. Akabonyeza. Upande wetu ikasomeka 999999. Wafula, aliyekuwa akiitazama juu chini, akaona sita tupu. Akarudi nyuma, bakuli la maharagwe likamwagika.

"Hiyo ni namba ya mnyama, ile ya Ufunuo. Tena imeandikwa mara mbili."

"Geuza, mzee. Ni tisa," nikamwambia.

"Shetani haji akiwa amesimama wima, Kanze."

Ati Jumapili laini ivunjwe mbele ya waumini. Pascalia akauliza mtoto atapiga wapi, akajibiwa Mungu atampa namba mpya. Nilitaka kuuliza atampa kwa simu gani, nikajizuia, mzee ni mzee. Lakini nilikasirika sana.

Jumapili nikamsindikiza, ingawa kanisa si langu. Njia nzima alikuwa akiitoa laini, akiirudisha.

"Nikiivunja, nampoteza mtoto. Nisipoivunja, pengine ndiyo inayomfunga huko. Nifanyeje, Kanze?"

Zile sita nami nilikuwa nimezigeuza nikaziona, na usingizi ulikuwa umenipotea.

Mlangoni Wafula alinyoosha mkono. Pascalia akaomba aangalie ujumbe mara ya mwisho, akairudisha ndani ya simu. Haikupita muda ikalia. Namba ya ng'ambo. Pascalia akapokea, akaweka spika.

"Mama, nilikuwa nimeanza kuisahau," Valarie alisema kwa sauti ya chini. "Mwanzo wake nilikuwa nao, zile sita za mwisho zikapotea. Leo jikoni nikachukua kipande cha mkaa, nikagawanya moja kwa saba sakafuni. Zikatoka zote, kwa mpangilio wake."

Kwa nini kugawanya moja kwa saba kutoe namba ya simu ya mtu, nimeelezwa mara nyingi na bado sielewi.

Mkono wa Wafula ulikuwa ungali pale, unangoja laini.

"Subiri, mzee," Pascalia akamwambia. "Naongea na mtoto."